Mtahini Kitaluni

Baba mkwe wangu alitahini madereva kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa muda huo wote aliowafelisha walikuwa wengi kuliko aliowafaulisha. Hakupokea kitu kwa mtu, hata soda. Alikaa kiti cha abiria, ubao wa kuandikia mapajani, na dereva akigusa ufito mmoja tu wa mtihani wakati wa kurudi nyuma, alimwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Rudi tena baada ya miezi mitatu." Ndiyo maana mji mzima ukamwita Rudi Tena. Nyumbani hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo mbele yake, lakini alilijua, na nadhani lilimpendeza.

Mimi mwenyewe alinifelisha. Zilikuwa zimebaki wiki mbili niolewe na mwanawe, nguo za harusi zimeshashonwa, kadi zimeshagawiwa. Mchumba wangu alinifariji kwamba labda mzee hakunitambua. Alinitambua vizuri sana. Nilipozima gari alinigeukia akasema, "Mwanangu, karibu katika familia yetu. Kioo cha kushoto hukukitazama hata mara moja. Rudi tena."

Basi akastaafu. Ofisini walimfanyia sherehe ndogo, wakampa saa ya ukutani, wakakata keki. Wengine walilia, na si wote waliolia kwa huzuni. Jumatatu yake aliamka saa ile ile, akanyoa ndevu, akapiga viatu rangi, akafika mlangoni, akakumbuka kwamba hana pa kwenda.

Wakati ule mimi na mume wangu tulikuwa tunaishi kwenye vyumba viwili vya pembeni, ndani ya ua wa wazazi. Mume wangu ni fundi wa minara ya simu, anashinda juu ya vilima huko na huko, nyumbani anaonekana siku mbili tatu kwa mwezi. Mimi niliuza dawa kwenye duka moja karibu na kituo cha mabasi, na kila nikirudi Mama mkwe alikuwa na jipya la kunisimulia. Wiki ya kwanza ya kustaafu, Baba alikagua friji. Wiki ya pili alipanga sufuria zote kwa ukubwa, kubwa nyuma, ndogo mbele, na kubandika karatasi. Wiki ya tatu alimwambia Mama kwamba anaingia jikoni bila kuangalia pande zote mbili.

Mama mkwe alikuwa karani wa shule kabla ya kustaafu, mtu wa sauti ya chini, asiyegombana. Siku hiyo aliweka mwiko chini.

"Mzee wangu," alisema, "tafuta kitu cha kukagua huko nje. Humu ndani sote tumeshafeli."

Baba akatoka nje. Mbele ya nyumba palikuwa na uwanja mtupu wa changarawe, mgumu kama sakafu, kwa sababu ndipo gari la ofisi lilipokuwa likigeuzwa kwa miaka yote ile. Akauzunguka mara mbili, mikono mgongoni. Kesho yake wakati wa chai akatangaza kwamba hapo patakuwa na bustani ya maua. Mawaridi mekundu, miche thelathini, safu tano za miche sita sita. Alikuwa ameyaona kwenye kalenda.

"Watu wakipita watasimama," alisema.

"Watasimama kufanya nini?" Mama akauliza.

"Kutazama."

Jumamosi nilimsindikiza kununua miche. Kitalu chenyewe kilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, chini ya neti nyeusi za kivuli, miche imepangwa chini kwenye mifuko kama wanafunzi wakati wa gwaride. Mwenyewe ni mama wa miaka hamsini na kitu, buti za mpira miguuni, mkasi unaning'inia shingoni kwa kamba. Watu wanamwita Bi Miche. Alituona tangu mbali, na nikaona tabasamu likimjia taratibu, kama mtu aliyesubiri barua muda mrefu na sasa anamwona mpeleka barua.

"Karibu, Mtahini," alisema. "Unanikumbuka?"

Baba alimtazama, kisha akaitazama pikapu iliyoegeshwa kando, dereva wa kukodi amelala ndani, miguu iko dirishani.

"Kurudi nyuma," Baba alisema. "Mara tatu."

"Mara nne. Ya nne uliniambia nishuke kabla sijamaliza."

"Ulikuwa umeshaangusha fito zote."

"Nilikuwa nimeshaziangusha," Bi Miche alikubali. "Haya, nikupe nini?"

"Waridi jekundu. Miche thelathini."

"Utaipanda wapi?"

"Nyumbani, mbele."

"Hapo mbele jua linafika saa ngapi na linaondoka saa ngapi?"

Baba alikunja uso. "Jua ni jua, mama. Linawaka kila mahali."

Bi Miche alifuta mkasi wake kwenye aproni bila haraka. "Mtahini, watu wengi wanakuja hapa na rangi kichwani. Nataka jekundu, nataka la njano. Ua ukishalipanda halina miguu ya kuhama. Kwanza unaangalia mahali, ndipo unachagua ua la kukaa mahali hapo. Rangi ni mwisho kabisa. Sasa nenda nyumbani, angalia jua kwa wiki nzima. Ukishajua linapita wapi, ndiyo tutaongea."

"Mimi ni mteja," Baba alisema. "Nimekuja kununua."

"Najua. Rudi tena."

Alilisema kwa upole ule ule. Hata yule dereva aliyelala aliinua kichwa. Ndani ya gari Baba alikaa na usukani mkononi kwa muda bila kuwasha.

"Analipiza kisasi," alisema hatimaye.

Mimi nilikuwa nimeuma mdomo, natazama dirishani. Mpaka leo sijui kama alikuwa analipiza au la. Baadaye nilisikia kwamba wateja wote anawahoji hivyo hivyo, kwa sababu mche ukifa kwa mtu, watu wanasema miche ya Bi Miche ni mibovu. Lakini lile tabasamu nililiona kwa macho yangu.

Hata hivyo Baba si mtu wa kuacha swali bila jibu. Wiki nzima alikaa nje kwenye kiti, mwavuli kichwani, ubao wake mapajani. Kila saa aliinuka akachora kwa chaki mahali kivuli kilipoishia. Majirani walidhani anapima kiwanja auze. Aligundua kitu ambacho hakuwa amekijua kwa miaka yote aliyoishi pale: mbele ya nyumba hapaoni jua la asubuhi kabisa, kwa sababu ya ghorofa ya jirani, na ikishafika adhuhuri jua linashuka lote kwa mkupuo, linagonga ukuta mweupe na kurudi, mpaka changarawe inaunguza miguu.

Alimpelekea Bi Miche ripoti ya kurasa nne, na michoro. Bi Miche aliisoma yote, akigeuza karatasi huku na huku.

"Kazi nzuri," alisema, na nikaona mabega ya Baba yakipanda. "Swali la pili. Chimba shimo la kina cha mkono, limwagie ndoo ya maji, uniambie yamechukua muda gani kuisha. Rudi tena."

Kuchimba kwenyewe kulichukua siku mbili, sururu inadunda kama inapigwa kwenye lami. Maji aliyamwaga asubuhi. Jioni yalikuwepo. Kesho yake yalikuwepo, na chura alikuwa ameshahamia.

"Waridi likilowekwa miguu linaoza," Bi Miche alisema alipoletewa habari za chura. "Hapo mpaka uinue matuta, ulete udongo mwingine, uchanganye na samadi iliyokwisha kuoza. Inawezekana, lakini ni kazi. Sasa la tatu, na ndilo kubwa. Ukichoka, nani atamwagilia?"

"Mimi sichoki."

"Ukiugua?"

"Siugui."

Bi Miche akaikunja ile ripoti vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili. "Hapo umefeli, Mtahini. Rudi tena."

Baba alitoka pale amevimba kama andazi. Aliendesha hivyo hivyo hadi tulipofika kwenye mzunguko wa barabara kuu, ambapo kijana mmoja wa maneno mengi alikuwa ameegesha pikapu iliyojaa mawaridi. Mekundu, yamechanua, kila mfuko una maua matatu manne yanayong'aa kwa maji aliyoyanyunyizia. Pikapu yenyewe haikuwa na namba nyuma. Siku nyingine yoyote Baba angeanza na hiyo namba.

"Mzee, haya hayana shida hata kidogo," yule kijana alisema. "Unapanda, unamwagilia, unakula raha."

Hakuuliza jua, hakuuliza maji. Baba akanigeukia. "Unaona? Huyu ndiye mfanyabiashara."

Akanunua miche thelathini, tukaipanda siku hiyo hiyo, jua la utosi. Baba alinyoosha kamba, akasimika fito zake za zamani za mitihani kila mwisho wa safu, akapima nafasi kwa futi ya chuma. Kufikia alasiri uwanja ulikuwa umegeuka ile kalenda. Wapita njia kweli walisimama. Jirani wa ghorofa alishuka na simu akapiga picha. Jumapili wakaja wenzake wawili wa zamani kutoka ofisini, wakanywa chai wakiwa wamesimama katikati ya safu ya pili na ya tatu, na Baba akawaeleza habari za kivuli na mifereji ya maji kama mtu aliyezaliwa bustanini.

Jumatano petali zikaanza kuanguka. Baba alisema ni kawaida, ua lina siku zake. Alhamisi majani yakakunjamana. Nilirudi kutoka kazini jioni, jua bado lipo, nikaenda kumwaga maji ya kuoshea mikono kwenye mche wa mwisho. Uliinama kidogo. Nikaushika niunyooshe. Ukatoka wote, mwepesi, kama kisu kinavyotoka kwenye keki.

Haukuwa na mzizi hata mmoja. Lilikuwa tawi tu, limekatwa mshazari kwa mkasi na kuchomekwa kwenye udongo. Nikajaribu wa pili. Vile vile. Wa tatu, vile vile. Nikairudisha yote haraka, nikashindilia udongo kwa kidole, na nilipoinua kichwa Mama alikuwa dirishani ananitazama.

"Umejaribu mingapi?" alininong'oneza.

"Mitatu, Mama."

"Mimi nimejaribu tisa."

Tulicheka hadi machozi, yeye amejiziba mdomo kwa taulo la vyombo, mimi nimechuchumaa katikati ya mawaridi. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu tulikuwa tunafikiria kitu kile kile. Baba alikuwa mtu wa kugundua leseni ya bandia ikiwa bado mfukoni mwa mwenyewe. Wakuu wa ofisi walimwita kutoka mbali aje atazame mhuri tu aseme ndiyo au hapana. Nani angemwambia kwamba ameuziwa vijiti?

"Tumwagilie," Mama alisema. "Labda vitaota."

Tukamwagilia. Siku tisa, asubuhi yeye, jioni mimi, tulibeba ndoo kuvipelekea maji vijiti vilivyokufa, na kila mmoja alipopishana na mwenzake aliangalia pembeni asije akacheka.

Siku ya kumi nilikuwa naanika nguo. Baba alitoka na uma wa bustani akitaka kulegeza udongo. Alishika mche wa kwanza. Nikamwona amesimama nao mkononi, anautazama upande wa chini. Akaenda kwa wa pili, na wa tatu, mpaka wa thelathini, akailaza yote kwenye changarawe kwa mstari. Minne ilikuwa na vimizizi kama uzi. Akanawa mikono, akaingia ndani, akakaa. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Mlijua?"

"Tulijua," Mama alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ile Alhamisi."

"Na mkaendelea kumwagilia."

"Tukaendelea."

Mimi nilikuwa mlangoni na beseni la nguo kiunoni, sijui niingie au nikimbie. Baba alisugua magoti yake.

"Vijiti," alisema.

"Vijiti, mzee wangu."

Kisha akasema, huku anatazama sakafu, "Lakini mlimwagilia vizuri. Sikuona hata siku moja udongo umekauka."

Asubuhi iliyofuata alimwambia Mama avae viatu vya kutokea. Mama akauliza wanakwenda wapi. Akasema, "Kujibu swali la tatu." Kwa bahati ilikuwa siku yangu ya mapumziko, na kwa kweli hata kama isingekuwa, ningeugua ghafla.

Bi Miche hakutaja vijiti. Mji mdogo huu, habari zilikuwa zimeshamfikia, lakini alijifanya hajui. Alimpa Mama kigoda akae.

"Mtahini anasema wewe ndiye jibu," alimwambia.

"Ameniambia hivyo kwenye gari," Mama alisema. "Sijui swali lilikuwa nini."

"Swali ni nani atamwagilia. Ila ngoja nikuulize lingine kwanza. Siku nzima unashinda upande gani wa nyumba?"

"Nyuma. Kwenye bomba, ninapofulia na kuoshea vyombo. Kuna benchi hapo."

"Na mbele?"

"Mbele napita nikienda sokoni."

"Na wewe, Mtahini, unashinda mbele?"

Baba alikohoa. "Mbele wanapita watu."

"Kwa hiyo ulitaka kuwalimia wapita njia." Bi Miche akamrudia Mama. "Ungekuwa wewe unachagua, ungechagua nini?"

Nilitegemea Mama aseme chochote kile, kama kawaida yake. Alikaa akitazama ile miche iliyopangwa, mikono imeshika mkoba.

"Yasmini," alisema. "Nilimwomba mzee mwaka ule tulioingia kwenye ile nyumba. Nina ua mkubwa, mama, lakini sina ua hata moja."

Baba aligeuka. "Hukuniambia."

"Nilikuambia. Ukasema, sasa gari la ofisi litageukia wapi?"

Nimemwona baba mkwe wangu akibishana na mawakili, na wanajeshi, na mchungaji mmoja aliyegonga lango. Siku hiyo alitoa kalamu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Bi Miche akainuka na kuanza kutembea kati ya miche, na Mama nyuma yake. Akauliza uani nyuma pana jua gani. Baba alijibu kwa haraka kwamba alipima pia, la asubuhi hadi karibu na saa sita, kisha kivuli cha nyumba. Akauliza maji ya kufulia yanaelekea wapi. Mama akasema yanateremka kuelekea ukuta wa bafu, na hapo majani yanaota yenyewe bila kupandwa. Basi ikawa hivi: yasmini ipandwe kwenye ukuta wa bafu, ifungiwe kamba za kupandia, ipewe yale maji ya mwisho ya kusuuzia, si ya povu. Begonia, ambazo zinapenda kivuli, ziwekwe kwenye mabeseni yaliyopasuka chini ya tangi la maji. Kandokando ya njia ziende vinka za waridi na nyeupe, zile zenye petali tano, kwa kuwa hazina makuu. Na Baba akapewa bogenvilia moja, ya kuweka mbele kwenye kona ya ukuta unaounguza.

"Hiyo ni ya wapita njia," Bi Miche alisema. "Lakini sikiliza. Ikishashika, usiimwagilie sana. Ikishiba maji inatoa majani tu."

Miche yenyewe ilikuwa midogo, myembamba, haivutii hata kidogo. Baba aliinua mmoja usawa wa macho.

"Hauna ua."

"Una mizizi," Bi Miche alisema, na hapo ndipo alipokaribia zaidi kuvitaja vile vijiti.

Baba alifanya kazi mwezi huo kama kibarua aliyeahidiwa kupandishwa cheo. Alichimba, alichekecha udongo, alichanganya samadi na majani yaliyooza, alitoboa mabeseni kwa msumari wa moto, kila beseni matundu sita. Mama alikaa kwenye benchi akisema hapa, hapana, sogeza kidogo, hapo. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone Mama akimwelekeza mtu na mtu huyo ni Baba.

Kwenye bogenvilia tu ndipo alipokaidi. Haikumwingia akilini kwamba kuna mmea usiotaka maji. Aliuona kama dereva anayesema hahitaji breki. Kila asubuhi ndoo moja, na alama ya vema kwenye ubao. Bogenvilia ikanenepa, ikapanda ukuta, ikamwagikia barabarani, kijani tupu kama shamba la kabichi. Ua, hakuna.

Halafu akaugua. Yeye asiyeugua alipigwa na homa ikamlaza wiki tatu, na mimi ndiye niliyemletea dawa na kuhakikisha anameza, kwa sababu alitaka kwanza asome karatasi ya ndani ya boksi yote. Mama akamwagilia uani nyuma. Mbele hakuna aliyekumbuka.

Siku aliyotoka nje kwa mara ya kwanza, ameshika fimbo, alifika langoni akasimama. Bogenvilia ilikuwa ya zambarau kutoka juu hadi chini, jani huoni. Mtoto wa shule na mama yake walikuwa wamesimama barabarani wakiitazama.

"Mmeifanyia nini?" Baba akatuuliza.

"Hatujaifanyia kitu," nikasema.

"Ndiyo nauliza. Mmeifanyia nini?"

Jirani wa ghorofa akapiga kelele kutoka juu, "Mzee, una mkono wewe!" Baba akamwangalia kidogo, akainua fimbo kumshukuru. Hakumweleza zaidi.

Wiki chache baadaye Bi Miche alituletea magunia mawili ya samadi, na safari hii pikapu aliiendesha mwenyewe. Aliingia langoni kinyumenyume. Aligonga nguzo ya lango upande wa kulia, akarekebisha, akagonga ya kushoto, akazima gari limekaa mshazari. Akashuka anacheka, anapunga leseni mpya.

"Nimefaulu, Mtahini! Mara ya kwanza kwa huyu kijana mpya wenu."

"Alikutahini muda gani?" Baba aliuliza.

"Dakika nne. Alikuwa anaongea na simu."

Nilidhani homa imemrudia. Alishika ukingo wa pikapu. Sijawahi kumwona ameumizwa hivyo, wala vijiti havikumwumiza hivyo. Bi Miche naye akaacha kucheka.

"Rudi ndani ya gari," Baba alisema. "Tafadhali."

Akaenda kuchukua zile fito. Akazisimika kwenye changarawe, nne, kwa vipimo anavyovijua usingizini, akakaa kiti cha abiria. Tangu siku hiyo, kila Jumatano alasiri Bi Miche alikuja, na uwanja wa mbele ukabaki mtupu kwa ajili hiyo. Kwa hiyo watu wanaopita pale hadi leo wanajua kwamba Rudi Tena alishindwa bustani: wanaona ukuta mmoja wa bogenvilia, na mwanamke wa makamo akiangusha fito. Uani nyuma hawajafika. Wiki ya kumi na moja Bi Miche alipita katikati ya fito bila kugusa hata mmoja, mara tatu mfululizo, akazima gari, akamsubiri Baba aseme. Baba aliandika kitu kwenye ubao kwa muda mrefu. Kisha akamwambia begonia moja imepata ukungu, aje aitazame.

Yasmini ilichanua mwaka wa pili. Mama alikuwa anafua. Aliniita, akamwita Baba, tukasimama watatu mbele ya ukuta wa bafu.

"Haya, vipi?" Baba alimuuliza, kama mtu anayesubiri matokeo.

"Nzuri," Mama alisema. Akanusa tena. "Imechelewa kidogo, lakini nzuri."

Harufu ile ilipita juu ya ukuta, na majirani wakaanza kuja kuomba vipandikizi. Hapo Baba akapata kazi. Aliandaa karatasi. Jua saa ngapi, maji yanakaa muda gani, nani atamwagilia, na akaongeza la nne la kwake mwenyewe: umeshawahi kuua mmea, na kama ndiyo, eleza. Watu waliondoka mikono mitupu, wengine wakitukana chini kwa chini. Wenye akili walizunguka nyuma, wakagonga mlango wa jikoni, na Mama akawakatia kipande, akawafungia kwenye gazeti lililoloweshwa, akawaambia wapite upande wa pili.

Mwaka uliofuata mume wangu alihamishiwa mkoa mwingine, kazi ya kudumu, pamoja na nyumba. Siku ya kuondoka tulipakia vitanda na vyombo, na mimi sikuomba mmea wowote. Niliogopa ile karatasi. Baba alipotea kidogo, akarudi uani amebeba chungu cha yasmini, mche aliouotesha mwenyewe, umefika magotini. Akafungua mlango wa nyuma wa gari, akauweka kwenye kiti, akaufunga mkanda. Akautikisa kuona kama umekaza. Akaulegeza kidogo, shina lisibanwe.

"Baba, hujaniuliza maswali," nikamwambia.

"Nakujua," alisema, akafunga mlango taratibu asitikise majani. Mama alikuwa tayari amenisukumia mfuko wa vinka chini ya kiti changu, bila Baba kuona.